Nani Analipa Stima ya Maarifa ya Bure?

Fomu za kuomba fedha za utafiti zina swali moja linalowekwa mwishoni, pale mwombaji ameshachoka kujaza: mradi huu utajiendesha vipi mfadhili akiondoka? Kila mtu analijua jibu linalotakiwa. Unaandika kwamba wanajamii wataumiliki mradi, kwamba vijana waliopewa mafunzo wataendelea kwa kujitolea, na kwamba data zote zitawekwa mtandaoni bure kwa yeyote anayezihitaji. Mfadhili anaridhika, fedha zinatoka, miaka mitatu inapita, tovuti inazimika. Kisha anatokea mfadhili mwingine na fomu yenye swali lilelile, na walioizima tovuti ya kwanza wanaliandikia jibu lilelile.

Nabishana na imani iliyojificha ndani ya swali hilo. Inasema kwamba mfumo wa kukusanya, kutunza na kusambaza maarifa ukijengwa vizuri hufika siku ukasimama kwa miguu yake, na usiposimama basi walioushika ni wazembe au wenyeji hawakuutaka. Utaisikia kwa maprofesa, kwa mashirika, kwa maofisa wa kaunti, na hata kwa wenzetu wanaopigania maarifa huria, wanaodhani kwamba kazi imekwisha pindi makala inapopakiwa bila kufuli. Mimi nasema haujawahi kuwepo mfumo wa aina hiyo uliojilisha wenyewe, Cambridge wala Chiromo kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. Iliyodumu yote ina mtu anayeilipia kila mwezi. Wanaodai vingine huwa wanazungumzia mfumo ambao hawajawahi kuonyeshwa bili yake.

Chukua Mukuru kwa Njenga, kwa sababu ni vigumu kupata mahali Nairobi palipoulizwa maswali mengi zaidi. Mtaa huu wa mabanda uko Embakasi Kusini, viwanda upande mmoja na maghorofa ya Pipeline upande wa pili. Hapo, kabla ya 2017, lilifanyika jambo lisilo la kawaida katika nchi hii: watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley kule California walikaa meza moja na mawakili wa Katiba Institute, Akiba Mashinani Trust na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililozaliwa 1996. Kwa ruzuku ya shirika la IDRC la Kanada wakafukua faili za ardhi, wakahesabu vyoo, wakauliza bei ya mtungi wa maji. Ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa watu binafsi miongo kadhaa nyuma, kwa masharti ya kuiendeleza ambayo hawakuyatimiza. Ikajulikana pia kwamba mkazi wa Mukuru alikuwa akilipia uniti ya maji na ya stima bei kubwa kuliko mwenye bomba na mita kwenye mitaa ya wenye nazo. Mama mboga alikuwa akiyasema hayo miaka yote. Tofauti ni kwamba safari hii yaliandikwa kwa namna ambayo ofisa wa kaunti pale City Hall asingeweza kuyapuuza.

Na hakuyapuuza. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, ekari karibu 689, kaya zaidi ya 100,000, na ujenzi mpya ukasimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi ya kazi: afya, ardhi, maji na nishati, elimu, fedha, na mengineyo. Wakazi walijipanga kwa vikundi vya kaya kumikumi, vikundi vikaungana kupanda juu hadi ngazi ya kanda, ili maoni ya mwenye chumba kimoja yafike kwa mpangaji wa mji. Mwaka 2020 barabara zilianza kutengenezwa ndani ya Mukuru. Asiyeamini kwamba utafiti wa pamoja, wenye mlango wazi kwa wanaotafitiwa, unaweza kuzaa lami, na aende akaikanyage.

Ndiyo maana hadithi ya kujitegemea inanikera. Takwimu zilizokusanywa kabla ya 2017 zinaeleza Mukuru wa kabla ya 2017. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila paa, familia zikalala kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Ramani yoyote iliyochorwa kabla ya hapo inaonyesha milango ambayo haipo. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mito wahame, na ubomoaji ukafika Mukuru vilevile. Nani aliyekuwa na kazi, kazi yenye mshahara na kiti, ya kupita siku iliyofuata na kurekebisha orodha? Familia iliyohamia baada ya hesabu na kubomolewa kabla ya hesabu nyingine haikuwahi kuishi Mukuru kwa mujibu wa data. Faili inaweza kuwa wazi kwa dunia nzima, ipakuliwe kutoka Oslo hadi Osaka, na bado iwe inamdanganya kila anayeifungua.

Wabishi wangu watasema nimechagua mfano wa balaa. Basi tutazame mfano uliofaulu, tena wa jirani. Kuanzia 2002 kituo cha utafiti cha APHRC kilifuatilia kwa miaka mingi wakazi wa Viwandani na Korogocho: nani kazaliwa, nani kafa na kwa nini, nani kahama. Makala nyingi za kitaaluma zimetoka humo, na data zake huombwa na watafiti wa nchi nyingi. Kwa nini mfumo huo ulidumu? Si kwamba watu wa Viwandani wanapenda kuulizwa maswali kuliko watu wa kwa Njenga. Ulidumu kwa kuwa kulikuwa na taasisi yenye ofisi, wasimamizi, waingiza data na wahasibu, iliyounganisha ruzuku moja na nyingine mwaka hadi mwaka ili mzunguko unaofuata usikatike. Hakuna aliyewaambia wale waliokuwa wakibisha hodi Viwandani kwamba sasa mradi umekomaa, waendelee kwa mapenzi yao. Somo hilo huhifadhiwa kwa ajili ya vikundi vya mtaa.

Toka nje ya Nairobi, hali ni hiyohiyo. Hifadhi ya arXiv, ambayo wanafizikia huitaja kama ushahidi kwamba maarifa yanaweza kusambaa bila pesa, ilianza 1991 kwenye kompyuta moja huko Los Alamos, ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell 2001. Mwaka 2010 Cornell iligeuka na kuziomba maktaba za vyuo vinavyoitumia zaidi zichangie, kwa sababu bili ilikuwa imemwelemea mwenye nyumba. Karibu miaka 20 msomaji alidhani ni bure, kumbe alikuwa akilipiwa. African Journals Online, inayobeba majarida ya kitaaluma zaidi ya 500 ya Afrika, yakiwemo ya Kiswahili, ilianzishwa 1998 na shirika la INASP la Uingereza, ikahamia Afrika Kusini 2005. Inaishi kwa sababu kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kuiendesha.

Hapa kwetu tuna KENET, mtandao wa vyuo ulioanza 1999. Mwanafunzi anayepakua tasnifu akiwa Chiromo au Maseno halijui jina hilo, na hana haja ya kulijua. KENET ilisaidiwa na wafadhili mwanzoni, lakini haikuambiwa itegemee moyo wa kujitolea wa mafundi. Vyuo hulipia intaneti vinayotumia, kila kimoja kwa kiasi chake. Huo ndio uendelevu pekee ninaoufahamu: walipaji wengi, bili inayojulikana, na aibu ya kukatiwa huduma.

Sasa tuingie kwenye neno linalopendwa kuliko yote mikutanoni: kujitolea. Kijana wa Mukuru anayekusanya data anajua kichochoro kipi hakipitiki baada ya saa moja jioni. Anajua mwenye plot yupi atafungua mlango na yupi atapiga simu kwa watu wake. Anajua kwamba mama wa chumba cha nne hatasema ukweli kuhusu kodi mbele ya mlinzi wa plot, kwa hiyo humrudia kesho mwenyewe. Bila yeye, dodoso la profesa ni karatasi. Mradi ukiwa hai analipwa posho ya siku, na bando kidogo. Mradi ukifa anaambiwa data ni yako, uimiliki. Aimiliki kwa kutumia nini? Simu ni yake, bando ni lake, kodi ya chumba inamngoja tarehe 5. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika utafiti wetu mgeni huondoka siku ya pili na matokeo, na jembe anabaki nalo mwenyeji.

Angalia nani katika mnyororo huu hajawahi kuombwa ajitolee. Profesa ana mshahara, na makala ikitoka anapanda cheo. Mchapishaji ana ada yake. Kampuni ya seva haijui maana ya moyo wa kujitolea, siku 30 zikipita bila malipo inazima. Ofisa wa shirika ana gari. Anayehubiriwa moyo wa kujitolea ni mmoja tu, na ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliotajwa. Nikisikia mtu anaita huo umiliki wa jamii, namwomba anionyeshe hatimiliki.

Na msiniambie haiwezekani kulipa watu wa mashinani kwa kazi ya kudumu, kwa sababu nchi hii imeshakubali kwamba inawezekana. Kwa miongo wahudumu wa afya wa jamii walizunguka vijijini na mitaani kwa shukrani na fulana. Hoja dhidi ya kuwalipa zilikuwa hizihizi: ukiwalipa utaua moyo wa kujitolea, mfumo hautakuwa endelevu, jamii itaacha kuumiliki. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu zaidi ya 100,000 wenye mikoba, simu na malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, na yapo malalamiko ya kucheleweshwa. Lakini anayechelewesha malipo ameshakiri deni. Aliyehubiri kujitolea hakuwahi kukiri lolote. Wahudumu hawa, tukisema kweli, ni wakusanyaji wa data: wanaandika kaya, mimba, homa, chanjo. Tofauti yao na vijana wa Muungano waliohesabu Mukuru ni kwamba wao wamepata mstari kwenye bajeti.

Kuna wanaonijibu kwa ustadi zaidi. Hawa hawasemi tujitolee. Wanasema anayenufaika alipe, mfumo ujiuzie huduma zake. Sawa, tumeona biashara hiyo inavyokwenda. Novemba 2020 wachapishaji wa jarida la Nature walitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na dunia atalipa euro 9,500, zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya kwa makala moja. Msomaji amefunguliwa mlango wa mbele, mwandishi amefungiwa wa nyuma. Wapo wanaosema majarida husamehe waandishi wa nchi maskini. Mengi husamehe yanapotaka, kwa kiasi yanachotaka, na mtafiti mzima wa Nairobi anaandika barua ya kuomba kupunguziwa kama mzazi mbele ya mwalimu mkuu. Ukiupeleka utaratibu huo Mukuru utapata nini? Kikundi cha wakazi kinachouza data za jirani zao ili kilipie seva. Atakayenunua ni nani? Mwenye kampuni ya mikopo ya simu, au mwenye karatasi ya ardhi aliyekuwa kimya miaka 30 na sasa anataka kujua nani kakaa wapi.

Hapo ndipo pingamizi kubwa kuliko yote linapoingia, na silidharau. Wananiambia: ukitaka pesa za umma, umeikabidhi serikali orodha. Serikali hiyohiyo ya matingatinga. Mfadhili wa nje ana kasoro zake ila habomoi nyumba. Anayetoka Mukuru hawezi kulicheka jambo hili, na mimi sitalicheka.

Lakini tazama linathibitisha nini. Kama orodha ya kaya inaweza kutumiwa kumlinda mtu au kumfukuza, basi kinachohitajika ni mlinzi: mtu au kamati yenye mamlaka ya kusema hii toa, hii ficha majina, hii mwombaji aje ajieleze kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai data za watu zilindwe hata ukiwa kikundi kidogo. Ulinzi huo hauwezi kufanywa na faili iliyoachwa kwenye kompyuta ya mtu aliyehama kazi, nenosiri akaondoka nalo. Data iliyotelekezwa haipati usalama kwa kutelekezwa. Inangoja tu wa kuiokota. Anayeiogopa serikali ndiye anayepaswa kudai zaidi kwamba pawe na watunzaji wanaolipwa, wanaojulikana kwa majina, wanaoweza kushtakiwa na wanaoweza kushtaki.

Na kulipiwa na umma si lazima iwe kulipiwa na mkono mmoja. Faida ya KENET ni kwamba hakuna chuo kimoja kinachoweza kuamka asubuhi na kuuzima mtandao wa wote. Vivyo hivyo kwa Mukuru: kaunti ichangie, kwa kuwa mpango ni wake na ndiyo inayohitaji kujua bomba lipite wapi. Vyuo vichangie, kwa kuwa vinavuna shahada na makala. Wafadhili wa nje wachangie pia, sehemu ya kila ruzuku itengwe kwa miaka inayofuata baada ya mradi kufungwa. Ufunguo ukae kwa wakazi, kupitia chombo chenye usajili na wakili. Kaunti itakuwa msomaji wa data hizo, na ikitaka kuona jina la mtu itapiga hodi kama wengine.

Mtu atauliza mbona wafadhili hawajafanya hivyo muda wote huu. Sababu haina siri. Kuanzisha kuna sherehe. Kuna mahema, viti vya kukodi, mgeni wa heshima, utepe, picha ya ripoti ya mwaka. Sijawahi kualikwa kwenye hafla ya kulipia tena anwani ya tovuti, wala sijamwona waziri akikata utepe wa nakala rudufu. Matunzo hayana picha. Kwa hiyo kila mfadhili anazindua hifadhi mpya pembeni ya hifadhi iliyokufa ya mwenzake, na mkazi wa Mukuru anaulizwa kwa mara nyingine ana watoto wangapi na anatumia choo gani. Halafu tunasema wakazi wamechoka na utafiti. Wamechoka kuulizwa upya mambo waliyokwisha kuyajibu, kwa sababu hakuna aliyelipwa kuyakumbuka.

Hoja ya kwamba fedha hazipo nayo haisimami. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu lake la kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa hata mara moja, na sioni wabunge wakikosa usingizi kwa hilo. Lakini hata tukiacha asilimia 2 ilale ilikolala, kuna pesa nyingine inayotembea kila mwaka mbele ya macho yetu. Tangu 2003 maktaba za vyuo vya Kenya zina muungano wao, KLISC, unaokusanya michango ya wanachama na kulipia kwa pamoja majarida ya kielektroniki ya wachapishaji wa nje. Kwa maneno mengine, tunajua kuchangishana. Tuna kamati, tuna ankara, tuna mazoea ya kukumbushana nani hajalipa. Tumejifunza yote hayo ili mwanafunzi wa Nairobi aweze kusoma, miongoni mwa mengine, makala kuhusu mitaa ya mabanda ya Nairobi zilizochapishwa ng'ambo.

Sipendekezi maktaba ziache kulipia majarida hayo. Napendekeza kwamba katika mkutano uleule wa kugawana bili, kabla watu hawajatoka kwenda kunywa chai, kiongezwe kipengee kimoja: sehemu ndogo ya mchango wa kila chuo iende kwa hifadhi za hapa nyumbani, zikiwemo za mitaa iliyotafitiwa, kwa ajili ya seva, anwani za tovuti na mishahara ya watunzaji wasiopungua wawili kwa kila hifadhi, mmoja akiwa mkazi. Chuo ambacho wahadhiri wake wamechapisha kuhusu Mukuru na hakitaki kuchangia, jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kumbukumbu hizo ziwekwe wazi.